Kuonekana katika fani mpya: mwongozo kwa mwalimu anayehamia ufuatiliaji na tathmini

Mwalimu anayeamua kuhamia kazi ya ufuatiliaji na tathmini (M&E kwa kifupi cha Kiingereza), yaani kupima kama mradi unafikia malengo yake, ana tatizo ambalo kijana aliyemaliza chuo juzi hana: anajulikana tayari. Wanafunzi wake wa zamani, walimu wenzake, afisa elimu kata, waliosoma naye chuoni, wote wanamjua kama mwalimu wa Hisabati au Jiografia. Shirika lililo mtaa wa pili likitafuta afisa tathmini, hakuna hata mmoja wao atakayemkumbuka. Hawana nia mbaya. Taarifa waliyo nayo juu yake imepitwa na wakati.

Mwongozo huu unahusu kuibadilisha taarifa hiyo. Nimechagua mfano wa mwalimu kwa sababu ndio uhamaji ninaoufahamu vizuri. Nimefanya kazi na wengi waliowahi kushika chaki. Anayetoka benki kwenda ugavi, au anayetoka wodini kwenda bima ya afya, atabadilisha mifano tu, njia atapita hii hii.

Hatua ya 1: Pata sentensi moja ya unakokwenda

"Natafuta kazi yoyote" haimsaidii hata anayekupenda. Ukiulizwa siku hizi unafanya nini, jibu liwe na mambo matatu: kazi, sekta, mahali. "Nafanya ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi ya elimu, niko Dodoma, na mikoani nasafiri." Aliyesikia hivyo anaweza kulifikisha jina lako kwa mtu mwingine bila kuchanganya habari.

Ijaribu. Mwambie ndugu yako leo, halafu kesho kutwa muulize wewe unafanya kazi gani. Akisema "ana mambo ya kompyuta," sentensi bado haijakaa sawa.

Kuhusu sekta, ushauri wangu ni huu: anza na elimu, hata kama moyo wako uko kwenye afya au kilimo. Kubadili kazi na sekta kwa wakati mmoja ni kujinyima kitu pekee ambacho wachambuzi wengi wa takwimu hawana, yaani kujua shule inaendeshwaje kutoka ndani.

Hatua ya 2: Iandike upya kazi yako ya zamani

Wanaohama wengi huanza kwa kuuficha ualimu. Miaka minane inafupishwa kuwa mstari mmoja chini kabisa ya wasifu, cheti cha kozi ya wiki sita kinapandishwa juu, na msomaji anabaki akijiuliza mtu huyu alikuwa wapi muda wote huo. Usifanye hivyo. Ualimu ndio ushahidi wako mzito kuliko wote, ila umeandikwa kwa lugha ya shule.

Chukua azimio la kazi uliloandaa mwanzoni mwa muhula. Lina umahiri unaotarajiwa, malengo, shughuli za kufundisha na kujifunza, muda, zana, njia ya upimaji, na ile safu ya mwisho ya maoni. Sasa fungua mpango wa mradi wowote wa maendeleo: lengo kuu, matokeo yanayotarajiwa, shughuli, viashiria, njia ya uthibitisho, muda. Majedwali haya ni ya ukoo mmoja. Kwa miaka yote hiyo umekuwa ukiweka malengo yanayopimika, ukikusanya takwimu za maendeleo, ukibadili mbinu pale upimaji ulipoonyesha kuwa darasa halijaelewa. Mtu wa M&E hulipwa kwa kufanya hayo hayo kwenye mradi.

Kama ulikuwa karani kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, una kikubwa zaidi. Walimu wengi waliifanya kazi ile: mafunzo, kishikwambi mkononi, kaya baada ya kaya, mtandao unasumbua, msimamizi anadai takwimu zitumwe. Baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu shuleni, na wengi waliosahau kuiandika sensa kwenye wasifu wao bado wanacho kile kifaa mezani. Ukusanyaji wa takwimu kwa kifaa cha mkononi ni sifa inayotajwa wazi kwenye matangazo ya kazi hizi. Iandike.

Namna ya kuandika ndiyo inayoleta tofauti. Mstari kama "Nilifundisha Hisabati kidato cha kwanza hadi cha nne" unaeleza ratiba yako. Linganisha na huu: "Nikiwa mwalimu wa taaluma, nilikusanya na kuchambua matokeo ya mitihani ya ndani ya wanafunzi 640 kila muhula, na taarifa yangu ilitumika kupanga vipindi vya ziada vya kidato cha pili." Weka idadi yako ya kweli, hata kama ni wanafunzi 90. Na usiongeze chumvi: anayekuhoji anaweza kumpigia mkuu wa shule.

Hatua ya 3: Tengeneza kazi moja ambayo mtu anaweza kuifungua na kuisoma

Hapa ndipo nakuomba ukae kuliko kwingine kote. Cheti kinasema ulihudhuria. Kazi iliyokamilika inamwonyesha mwajiri unavyofikiri, na katika fani mpya hiyo ndiyo sababu pekee ya mtu kukuamini kabla hajakuajiri.

Takwimu za kufanyia kazi zipo bure. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha majedwali ya sensa ya 2022, na Kenya ina yale ya sensa yake ya 2019. Nitaonyesha mfano mmoja mpaka mwisho.

Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.9 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika milioni 61.7. Ni ongezeko la takriban asilimia 37. Sasa tazama Dar es Salaam, jiji ambalo kila mtu anaamini ndilo linalofurika kuliko kote: kutoka milioni 4.36 hadi milioni 5.38, kama asilimia 23 hivi. Liko chini ya wastani wa nchi. Watu wamekwenda wapi? Sogea hatua moja, angalia Pwani: kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2.0, ongezeko la zaidi ya asilimia 80 ndani ya miaka kumi. Mkoa huo unaizunguka Dar es Salaam kwa upande wa bara, na ndiko ziliko Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo.

Ukiishia hapo una mchoro mzuri wa Excel. Afisa tathmini anaendelea. Anauliza: je, mji umevuka mpaka wa mkoa, watu wakajenga Pwani wakafanya kazi Dar? Takwimu hizi peke yake haziwezi kuthibitisha hilo, na lazima useme hivyo kwa maandishi. Kisha anauliza swali linalomgusa mwenye mradi: madarasa na visima vya Mkuranga vilivyopangwa kwa hesabu ya 2012 vinamtosha nani leo? Ungehitaji takwimu gani nyingine kujibu? Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kata, labda, na idadi ya walimu.

Andika haya kwa kurasa mbili. Swali lako, chanzo cha takwimu, namna ulivyokokotoa, mchoro mmoja, unachokiona, usichoweza kukisema, na hatua inayofuata. Mchoro mmoja unatosha; wanaoanza huweka saba, na msomaji hajui aanzie upi.

Ukimaliza hiyo, tengeneza ya pili ambayo umekusanya mwenyewe. KoboToolbox ni zana ya bure ya kukusanya takwimu kwa simu au kishikwambi, inayotumika sana kwenye mashirika ya ukanda huu. Tunga dodoso fupi, tuseme la maswali kumi na tano kuhusu muda wanaotumia wanafunzi kufika shuleni, hoji watu wazima wachache waliokubali, kisha eleza swali lipi lilikushinda na ulilirekebisha vipi. Maelezo hayo ya dodoso lililorekebishwa yana thamani kuliko matokeo yenyewe, kwa sababu kila aliyewahi kufanya kazi ya uwandani anajua dodoso la kwanza huwa na swali bovu.

Jambo moja zito. Usiweke hadharani majina, namba wala alama za wanafunzi wako, hata kwa kuziba nusu ya jina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Hata pasingekuwa na sheria, anayetafuta mtu wa kumkabidhi takwimu za watoto akikuta picha ya karatasi ya matokeo kwenye ukurasa wako, habari yako imeishia hapo.

Kazi zote mbili ziweke mahali penye linki, kisha ifungue linki hiyo kwa simu ya mtu mwingine. Watu wengi hutuma linki ya Google Drive ambayo mpokeaji akiibonyeza anaambiwa aombe ruhusa. Hataomba.

Hatua ya 4: Panga ukurasa wako wa LinkedIn

Kabla ya kugusa chochote, zima kipengele kinachowatangazia watu kila badiliko unalofanya. Utarekebisha mambo mengi kwa siku chache, na hakuna haja ya mkuu wako wa shule kuarifiwa kila mara.

Mstari ulio chini ya jina unaruhusu herufi 220. Ndio unaoonekana kila unapotoa maoni na kila jina lako linapotokea kwenye utafutaji, kwa hiyo usiandike "Natafuta fursa." Andika kazi, zana, sekta: ufuatiliaji na tathmini, uchambuzi wa takwimu, KoboToolbox, Excel, Power BI, miradi ya elimu, miaka minane shuleni. Uandike kwa Kiingereza, kwa sababu matangazo mengi ya kazi hizi hutoka kwa Kiingereza na anayetafuta mtu hutafuta kwa maneno yale yale aliyoyaweka kwenye tangazo. Mambo unayoyaposti yanaweza kuwa ya Kiswahili, na nakusihi yawe hivyo mara kwa mara: uchambuzi wa takwimu ulioandikwa kwa Kiswahili safi bado ni haba, na anayeuandika hukumbukwa.

Kwenye maelezo yako binafsi, mistari ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kuendelea. Ianze na sentensi ya Hatua ya 1, ufuate na daraja kati ya shule na tathmini. Zile kazi mbili zibandike kwenye sehemu ya kazi teule (Featured), juu.

Kuna alama ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi. Unaweza kuiwasha kwa watu wote, ikaja na ule mduara wa kijani kwenye picha, au kwa wanaotafuta wafanyakazi tu. Kama bado umeajiriwa chagua ya pili, ukijua kwamba LinkedIn yenyewe haikuhakikishii usiri kamili dhidi ya mwajiri wako.

Hatua ya 5: Wabadilishie taarifa wanaokujua

Hii ndiyo hatua inayoonewa aibu, na ndiyo inayoleta kazi. Tumekuzwa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwalimu aliyezoea kuheshimiwa kijijini anaona vibaya kuanza kujinadi. Lakini anayejinadi ni yule anayesema "mimi ni hodari." Wewe unawapa watu habari mpya, pamoja na kitu cha kusoma.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu, mara nyingi walizipata kwa wale wanaoonana nao kwa nadra kuliko kwa marafiki wa karibu. Sababu yake inaeleweka hata kwetu. Rafiki yako wa kila siku anasikia matangazo yale yale unayosikia wewe. Uliyekuwa naye chuoni, sasa yuko Kigoma na shirika la wakimbizi, anasikia mengine. Watu wakisema "koneksheni" hufikiria mjomba aliye wizarani. Koneksheni zako nyingi ni hawa ambao hujaongea nao tangu mahafali.

Kwa hiyo kaa chini, pitia namba zilizo kwenye simu yako, andika majina thelathini ya aina hiyo. Waandikie mmoja mmoja. Ujumbe wa kunakili na kusambaza hutambulika mara moja. Kwa mkubwa wako unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo madam. Natumaini u mzima wa afya. Ni mimi mwalimu uliyenisimamia wakati wa sensa kule Kongwa. Tangu mwaka jana nimejifunza uchambuzi wa takwimu, na sasa nahamia ufuatiliaji na tathmini upande wa miradi ya elimu. Nimeambatanisha kurasa mbili nilizoandika kuhusu ongezeko la watu mkoa wa Pwani. Kama kuna mtu unayemfahamu kwenye fani hii ambaye naweza kumuuliza maswali mawili, nitashukuru ukinielekeza kwake. Kazi njema madam."

Angalia ombi lilivyo dogo. Hujaomba kazi, na yeye hahitaji kukukatalia. Ni rahisi kutoa namba ya mtu. Ni vigumu kutoa ajira. Kwa rika lako fupisha: "Kaka, za siku? Nimehamia mambo ya takwimu na tathmini, niko Dodoma. Nilikumbuka uko na mradi wa maji, nikaona nikutumie kazi hii uniambie ukweli, imekaaje?"

Stetasi ya WhatsApp usiidharau. Hukaa saa 24 tu, lakini inaonwa na wazazi, madiwani, wauza vifaa vya shule, watu ambao hawatafungua LinkedIn maisha yao yote. Weka mchoro wa Pwani na sentensi mbili. Kwenye magrupu uwe na kiasi: grupu la wahitimu linavumilia tangazo moja la habari njema, la msiba wa ukoo halivumilii hata moja.

Hatua ya 6: Ingia wanakokaa wenye fani

Tanzania kuna Tanzania Evaluation Association, Kenya kuna Evaluation Society of Kenya. Fuatilia mikutano yao, ukihudhuria uliza swali moja lililofikiriwa, ukitaja jina lako na unachofanya. Kwenye LinkedIn, maoni ya maana chini ya andiko la mtu mwenye uzoefu yanasomwa na watu wengi kuliko posti yako mwenyewe ya mwezi wa kwanza. "Hongera sana mkuu" haihesabiki. Eleza ulivyoliona jambo hilo hilo ukiwa shuleni.

Lango lililo wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni la udadisi, yaani kazi ya kuhoji watu kwa dodoso. Mashirika na kampuni za utafiti huchukua wadadisi wa muda kwa wiki chache wakati wa tathmini ya awali au ya mwisho ya mradi. Mwalimu wa mkoa husika anajua wilaya, anajua lugha, anajua namna ya kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji. Ifanye kazi hiyo vizuri kiasi cha kuwa yule ambaye msimamizi hahitaji kurudia madodoso yake, kisha mwisho wa kazi mwombe barua. Malipo yake si makubwa, ila ni mara ya kwanza mtu wa fani hii kukuona kwa macho yake ukifanya kazi yake.

Anayekuomba hela ya fomu, ya mafunzo ya lazima au ya "kukuweka kwenye mfumo" ni tapeli. Kuomba nafasi serikalini kupitia Ajira Portal hakulipiwi. Na kama tayari ni mtumishi wa umma unayeomba nafasi nyingine serikalini, kumbuka barua yako hupitishwa kwa mwajiri wako, hivyo mweleze mkuu wako mapema, ana kwa ana, kabla hajaisoma kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Jiandae kwa simu itakapopigwa

Swali litakuja, tena mapema: kwa nini umeacha ualimu? Usianze na mshahara, usianze na mkuu wa shule. Sema kitu cha kweli kinachotoka kwenye kazi yako: "Nikiwa mwalimu wa taaluma niliona sehemu ninayoipenda zaidi ni kukaa na matokeo na kutafuta kwa nini kidato cha pili kinashuka kila mwaka. Nikajifunza zana za kuifanya kazi hiyo vizuri. Kuna kazi mbili nimeandika, naweza kukutumia sasa hivi. Natamani kuifanya kwa shule nyingi." Ifanyie mazoezi kwa sauti mpaka ikutoke bila kuikariri.

Linki itume siku hiyo hiyo. Wakikuambia nafasi imeshapata mtu, shukuru, halafu uliza kama wanaweza kukuweka kwenye orodha yao ya wadadisi, ukitaja wilaya unazozijua na lugha unazozungumza. Wadadisi huhitajika ghafla, fedha za utafiti zinapoingia na kazi ya uwandani inatakiwa ianze Jumatatu, na hapo wanaopigiwa kwanza ni waliokwisha kuandikwa.